Saa Mbili za Mama Mkwe

Mpaka leo ile hesabu siielewi, na mtu asiniambie kwamba sikusoma. Kidato cha nne nilimaliza.

Mwanangu alikuwa na miezi mitano, ananyonya tu, kikombe hataki hata kukiona. Makambako kulikuwa na mbio za kilomita ishirini na moja. Nilizitaka. Tangu nijifungue sikuwa nimefanya kitu hata kimoja cha kwangu peke yangu. Mama mkwe alikubali kuja kumshika mtoto, ila akasema wazi: saa mbili. Zaidi ya hapo atalia, na yeye hana ziwa la kumpa.

Kwa hiyo ilibidi nijue nitatumia muda gani. Hapa Njombe kilomita tano nilikuwa nakimbia kwa dakika ishirini na saba. Mume wangu akazidisha mara nne, akapata saa moja na dakika arobaini na nane, akaenda kumwambia mama yake kabla sijafungua mdomo. Kilomita moja kaisahau. Na nani kamwambia mguu unachoka kwa kuzidisha? Nikaiuliza simu, ikasema saa mbili na dakika nne. Nikampigia mwalimu wangu wa michezo wa sekondari. Akacheka: simu haijui vilima vya Njombe, Makambako ni tambarare, nitapunguza. Kisha akauliza usiku nalala kiasi gani. Nilipomjibu akasema basi, ongeza. Niongeze ngapi? Hakujua.

Watu wazima, majibu matatu. Miguu yangu, maziwa yangu.

Siku yenyewe nilinyonyesha mpaka tulipoitwa kwenye mstari. Kufika kilomita ya kumi, mume wangu alikuwa sahihi. Ya kumi na tano, simu ikawa sahihi. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa sahihi. Kifua kimejaa, kinavuta, fulana imelowa na si jasho. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika kumi na tisa.

Mama mkwe nilimkuta amekaa kwenye nyasi, mtoto mgongoni. Nikaanza kuomba radhi.

"Kalala tangu ulivyoondoka," akasema. "Usimwamshe, mwanangu, atatusumbua."

Pembeni mume wangu ameinamia simu, anatafuta nitakimbia kilomita arobaini na mbili kwa muda gani.

Nilifungua kitenge mgongoni kwa mama mkwe, nikamwamsha mtoto.