Chupa Ndani ya Sweta ya Watiri

Saa moja kasoro robo asubuhi mjini Kiganjo, ukungu bado umeuficha Mlima Kenya. Watiri Gicheru anachomoa chupa ndani ya sweta yake, taratibu, kama mama anayetoa maziwa ya mtoto.

Chupa hiyo ina dawa nyeupe ya kuziba matairi ya baiskeli yasiyo na tyubu.

"Baridi ya hapa inaifanya nzito kama uji," anasema. "Kwa hivyo nalala nayo. Mzee wangu alishazoea."

Mbele yake amesimama Mutanu, mlinzi wa duka la mbolea, na baiskeli yake ya milimani. Tairi la nyuma limelala kabisa. Saa mbili ana mashindano ya kuchagua timu ya kaunti, na wanawake wawili wa kwanza tu ndio watakaochukuliwa. Tairi kama hilo haliuzwi Kiganjo.

Jana watu walipunguza ua wa kaiyaba, mti wa miiba mirefu, kando ya njia. Leo mwiba mmoja ulimngoja Mutanu.

"Mwiba uko wapi?" Watiri anauliza.

"Niliutoa, Mama Kingori," Mutanu anajibu, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ati uliutoa! Hii ni tairi, sio mguu!"

Wanacheka, ingawa macho ya Mutanu yamejaa machozi. Wengi hapa hukosea hivyo, kwa kuwa tangu utotoni wamezoea kung'oa mwiba papo hapo. Lakini katika tairi hili mwiba wenyewe ndio kizibo mpaka fundi apatikane. Mutanu aliuchokonoa, shimo likapanuka, dawa yote ikamwagika barabarani.

Watiri, mwenye umri wa miaka 51, alikuwa akiuza viazi papa hapa kando ya barabara. Baiskeli hizi zilipoanza kupita, aliokota matairi yaliyotupwa akayapasua ili aone yalivyo ndani.

"Walinicheka. Walisema mama wa viazi sasa ni daktari wa upasuaji."

Siku njema hupata kama shilingi mia saba. Mvua ikinyesha, hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa sindano nene anasukuma mkanda wa mpira shimoni, akiacha mkia mfupi nje. Anamimina dawa yenye joto la mwili wake, kisha anapiga pampu. Tairi linashika rimu: pa! pa! Povu jeupe linafoka shimoni.

Anageuza gurudumu ili jeraha lielekee chini na dawa ilifuate. Anaweka kiganja juu ya tairi, anafumba macho. Mlio wa hewa unakuwa mwembamba, mwembamba zaidi, kisha kimya.

Kilichokuwa kimelala kama mfu kimesimama, na kilichokisimamisha hakionekani kwa macho.

"Mimi naziba tu," Watiri ananong'ona. "Pumzi ni ya Mungu."

Karibu na adhuhuri Mutanu anarudi, matope hadi shingoni. Watiri anainama kwanza, anabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. Ni gumu kama jiwe.

"Haya, sasa niambie."

"Wa pili, Mama Kingori. Wa pili!"

Watiri anaketi juu ya kreti na kujifunika uso kwa aproni.

Ana mpango wa kujenga kibanda chenye kuta na jiko la makaa, ili dawa ipate joto bila kulala naye. Lakini kwanza anataka kuandamana na timu ya kaunti huko itakakokwenda kushindana.

"Kwani huko hakuna miiba?" anauliza, akiirudisha chupa ndani ya sweta.