Firigisi ya Karavia

Nilikwenda Lubumbashi kwa sababu rafiki yangu aliniomba nije upesi. Tulikulia Kigoma, nyumba za kupakana, tukasoma darasa moja, kisha akaolewa na karani wa kampuni ya shaba, akahamia huko Zaire. Nikavuka ziwa hadi Kalemie, nikapanda treni iliyosimama kila palipokuwa na mti, nikafika nimejaa vumbi na hasira. Nilidhani naitwa kuuguza mtu. Kumbe mgonjwa mwenyewe ni ndoa.

Alinieleza siku ile ile, jikoni, huku akisonga ugali, ambao kule wanauita bukari. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka kijijini na kuku jike aliyefungwa miguu. Kuku yule hakuwa wa kuliwa. Alikuwa wa kupelekwa kwa wazazi wa msichana mmoja, kufungua maneno ya posa, maana rafiki yangu alikuwa hajajaliwa mtoto, na mama mkwe alikuwa amechoka kungoja.

"Na mumeo anasemaje?"

"Hasemi."

"Hasemi ndiyo, au hasemi hapana?"

"Hasemi kitu. Anakula, anashukuru, anatoka kwenda kazini. Mama yake anataka jibu kabla ya kuondoka."

Nilitaka kwenda sebuleni nimuulize mwenyewe, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango. Rafiki yangu alinishika kanga. Alisema ukimbana mtu yule anazidi kunyamaza. Kwa hiyo nikakaa, nikamtazama kuku uani akidonoa punje za mahindi alizotupiwa na mke ambaye alikuwa anatafutiwa mwenzake. Nilimchukia kuku yule, ingawa hakunikosea lolote.

Jambo jingine lililonishtua ni kwamba sikuwahi kuwaona mke na mume wakila pamoja. Bwana alikula sebuleni na wageni wake wa kiume. Sisi tulikula jikoni na mama mkwe, yeye kwenye kigoda, sisi mkekani. Rafiki yangu, ambaye zamani alikuwa anakula huku anasimulia mpaka chakula kinapoa, sasa alikula kimya kama mtu aliyeazimwa sahani.

Siku mbili tatu baadaye bwana akaniambia, "Shemeki, wewe iko mugeni. Kesho tutaenda kula inje, sisi bote."

Tulikwenda mgahawa mmoja upande wa Karavia, penye bustani na meza zenye vitambaa vyeupe. Bwana alivaa abakosti yake iliyopigwa pasi, ile suti isiyo na tai iliyovaliwa na kila mwanaume wa ofisini wakati ule. Mama mkwe alijifunga kitenge kipya. Wahudumu walimwita kila mtu sitwayeni, yaani mwananchi, mkubwa kwa mdogo. Tukakalishwa meza moja, bwana huku, mkewe pembeni yake, mama mkwe mbele yao, na mimi katikati nikifurahia harufu ya pilipili na mafuta ya mawese. Nakiri nilisahau kwa muda yaliyonileta. Samaki alikuwa mtamu, sombe, kisamvu cha kwao, ilitwangwa ikalainika, na soda ilikuwa baridi.

Kisha akaletwa kuku katika bakuli kubwa, na juu kabisa, peke yake, imewekwa firigisi.

Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa zawadi ya aliyemnyonyoa kuku. Mimi na rafiki yangu tuliigombea utoto wetu wote, hata kufinyana. Basi nilipoiona nikacheka, nikaichota kwa kijiko, nikaiweka katika sahani yake. "Leo sikunyang'anyi," nikamwambia.

Hakuna aliyecheka. Mhudumu aliyekuwa anafungua chupa aliacha mkono wake hapo hapo.

"Mugeni," mama mkwe akasema taratibu, "kwetu ile ni ya bwana. Mwanamuke hakulaka ile."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mpishi aliiweka juu, ili mwenye nyumba asiitafute. Nilinyoosha kijiko haraka niirudishe, huku nikiomba radhi. Rafiki yangu akafunika sahani yake kwa kiganja.

Hakumtazama mama mkwe wala mimi. Alimtazama mumewe. Akaiokota firigisi, akaing'ata, akatafuna nusu yake, akameza.

Nimeona mengi, lakini sijapata kuogopa vile mezani. Niliona nimemtoa rafiki yangu nyumbani kwake kwa kijiko.

"Amekula kichwa ya mutoto yangu," mama mkwe akasema. Alimgeukia mwanawe. "Sasa sema. Mbele ya huyu mutu wa kwabo, sema. Ule mutoto mwanamuke, nimulete ao hapana?"

Bwana alikaa kimya, ule ukimya wake. Nilitamani kumrushia bakuli. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya mkewe, akachukua ile nusu iliyobaki, yenye alama za meno, akaitia mdomoni. Alitafuna polepole mpaka ikaisha.

"Maman," akasema, "mi na bibi yangu tunakulaka pamoja. Ule mutoto wa bantu, umuache kwabo."

Mwanaume kula masalio ya mkewe, tena firigisi, tena mbele ya mamaye! Rafiki yangu alianza kulia, akala huku analia, na mumewe akamsogezea paja la kuku. Mama mkwe hakugusa tena chakula. Tulirudi nyumbani.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe uani, ameshafunga mzigo wake. Alikuwa amemshika yule kuku kwa miguu. Nikadhani anaondoka naye kwenda kuposa kwa nguvu. Alimwita rafiki yangu kutoka jikoni, akamkabidhi kuku mikononi.

"Huyu haina tena fasi ya kwenda," akasema. "Mukule. Na ile kintu yenu, mukate katikati."