Siku Nilipomsema Mlango Wazi

Jamani, mwenzenu nimejiaibisha, na sina wa kumlaumu ila mdomo wangu.

Jumamosi iliyopita nilipanda Marangu kumposea mpwa wangu. Mshenga ndiye mimi, kwa hiyo nilibeba mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwetu baba wa binti akishainywa, ndiyo amekubali. Mzee aliitikia shikamoo zetu, akajaziwa kata, lakini akaishika tu bila kunywa.

Pembeni yake redio ilikuwa inatangaza mpira. Nikajua pa kupitia. Mimi ni mshabiki tangu utotoni, wachezaji wa zamani wa Moshi nawajua wote!

"Mzee, zamani kulikuwa na mpira, ila na vituko navyo," nikaanza. "Unamkumbuka yule golikipa tuliyemwita Mlango Wazi? Mpira ulimpita katikati ya miguu, tukakosa kombe! Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli lake, nikaona kwa macho haya."

Ukweli ni kwamba nilisimuliwa na marehemu baba. Siku hiyo nilikuwa Chekereni, nafukuza ndege kwenye mpunga.

Mpwa wangu, aliyekaa kando yangu, akanikanyaga mguu. Nikadhani ananitia moyo, nikaongeza sauti.

Mzee akaiweka kata chini, imejaa vilevile.

"Mlango Wazi ni mimi," akasema taratibu. "Na siku ile nyuma ya goli langu kulikuwa na ng'ombe wawili tu. Wewe ulikuwa yupi?"