Kazi ya Baba Ilikuwa Misiba

Wasifu wa baba ulibaki sehemu moja tu: kazi yake. Nilikuwa nimechoka. Tangu afariki sikuwa nimelala vizuri, na turubai nje ya nyumba yetu hapa Mabatini lilikuwa limejaa watu wanaosubiri chai. Kaka yangu Masalu alisimama nyuma yangu, anasoma kila ninachoandika.

"Andika mfanyabiashara."

"Aliuza nini?"

"Sabina, usinichoshe. Wakwe zangu watakuwepo."

Baba yetu, Yakobo Kashindye, aliacha kuvua sisi tukiwa wadogo, mgongo ulipomshinda. Mama ndiye aliyetulisha, kwa kuuza dagaa. Baba akawa mtu wa misiba. Akisikia kilio, iwe Buswelu au Nyegezi, alikwenda, awe anawajua wafiwa au hawajui. Aliimba, alikula, akarudi na nyama kwenye kopo. Vijana wa kijiweni walimwita Mzee Pilau.

"Mzee Pilau, leo zamu ya nani?"

"Wewe bado, ila nimekuwekea nafasi!"

Gladness, binti wa Masalu anayesomea ufamasia, alimtania kwamba kwa wafiwa yeye ni placebo, kidonge kisicho na dawa ndani, ambacho mgonjwa hupewa ajione anatibiwa. Baba alicheka. Masalu hakucheka.

Jioni ile padri alikuja kupanga ratiba ya maziko. Naye alikuwa ametoka kuzika mtu mwingine, viatu vimejaa udongo. Masalu akamwomba aamue kuhusu wasifu. Gladness akaanza kulia.

"Mimi ndiye niliyemwita babu placebo."

Padri akavuta kiti. "Hilo ni neno letu la kanisani, binti. Waingereza wamelitoa kwenye Kilatini. Maana yake nitapendeza, yaani nitampendeza Bwana. Ndilo lililofungua masifu ya jioni ya marehemu. Zamani huko Ulaya watu wasio na undugu na marehemu walifika msibani, wakaimba placebo, wakapata chakula. Neno likageuka la kuwadharau. Baadaye sana ndipo likaingia kwa matabibu, kwa dawa ya kumridhisha mgonjwa tu."

"Kwa hiyo na huko waliwacheka," akasema Masalu.

"Waliwacheka. Ila mimi nimezika watu ambao mwimbaji alikuwa baba yenu peke yake. Sikuwahi kumuuliza amekula nini." Akanyanyuka taratibu. "Wasifu andikeni wenyewe. Baba ni wenu."

Nilisali kidogo, nikaandika. Masalu alisoma, akatoka nje.

Kesho yake, kabla ya jeneza kutoka nyumbani, nilisoma mbele ya wote: "Kazi yake ilikuwa kwenda misibani kuimba. Alikula huko, na sisi alituletea." Vijana wa kijiweni walicheka chini chini. Wakwe wa Masalu walitazamana. Sikuwa na nguvu ya kuwaonea aibu.

Kisha ukafika wakati wa wimbo, na kwaya ikabaki kimya. Siku zote baba ndiye aliyeanzisha. Kila mtu alimtazama mwenzake.

Masalu ndiye aliyeanza, macho chini, mikono nyuma. Alianza juu mno. Tulihangaika kumfuata, wengine sauti zikakatika njiani, lakini hakushusha, na hakuna aliyemwomba ashushe.