Niliwaambia Waweke Simu Chini

Nilikosa. Nianzie hapo kabla sijaanza kujitetea, maana mdomo wangu naujua. Niliwadanganya wanawake sita, mmoja wao mama yangu mzazi, tena wakiwa wamesimama mbele yangu wakitabasamu.

Jina langu liache tu. Ukifika Kaplong na simu iliyopasuka kioo huenda tukakutana, kwa sababu kutengeneza simu ndiyo kazi yangu. Mtu anayelishwa na simu za watu, jameni, ndiye aliyeanza kuzidharau!

Ilianza sokoni Ndanai. Kwenye meza ya mzee anayeuza redio kuukuu niliona kamera ya filamu, ya chuma, nzito kwelikweli. Nikainunua. Nikaagiza filamu moja kutoka Nairobi, ya picha thelathini na sita, nikakesha wiki nzima kwenye video za mafunzo. Zile sehemu za kuchosha, kama namna ya kufunga filamu ndani ya kamera, niliziruka. Kufikia Ijumaa sikuwa nimepiga picha hata moja, lakini nilikuwa na maoni mazito kuhusu mwanga!

Sasa sikiliza. Mama yangu na wenzake watano walikuwa wamechuma chai pamoja miaka kumi na tisa. Leo shamba letu, kesho la Mama Chepkoech, keshokutwa la mwingine, hivyo hivyo hadi wiki iishe. Mmoja wao, Mama Atieno, hakuwa na shamba. Mumewe alikuja kutoka upande wa ziwani kufanya kazi kiwandani, wakapanga nyumba jirani yetu, naye akachukua kikapu akaingia kundini. Yeye na mama wakawa chanda na pete. Mwaka juzi mumewe alistaafu, wakaamua kurudi kwao kabisa.

Mama akaniambia, "Hiyo kamera yako, si utupige na Mama Atieno kabla aende? Hatuna picha ya sisi wote. Hata moja."

Miaka kumi na tisa bila picha! Lakini nani hupiga picha na mtu atakayemwona kesho saa moja asubuhi?

Jumamosi wakaja. Nguo za kanisa, vikapu mgongoni, na gambuti miguuni kwa sababu ya umande. Mama Chepkoech alikuwa amejipaka poda mpaka shingoni. Nikawapanga katikati ya chai, warefu nyuma. Nilipoinua kamera, Mama Chepkoech akatoa simu yake.

"Ngoja kwanza nipige na hii pia, nitumie sista yangu."

"Weka hiyo simu chini," nikasema. "Wekeni zote. Leo ni filamu. Simu inaharibu."

Inaharibu nini? Hadi leo sijui! Lakini nilisema kwa sauti ya mtaalamu, nao wakatii, wakazitumbukiza simu vikapuni.

Nikapiga. Wote pamoja, wawili wawili, mama na Mama Atieno wameshikana mikono wakicheka hadi machozi. Napiga, navuta kishikio cha kusogeza filamu, napiga, navuta. Kisha nikatupia jicho kidirisha cha kuhesabu picha. Kilikuwa kimepita thelathini na sita na bado kinaendelea! Kile kidude cha juu, kinachotakiwa kuzunguka filamu ikisonga, kilikuwa kimetulia tuli.

Nilijua palepale. Filamu haikushika. Asubuhi yote nilikuwa nikipiga hewa.

Kufika hapo, kosa langu lilikuwa ushamba tu, na ushamba unasameheka. Ila Mama Atieno akaniuliza, "Nyathina, imetoka poa?" Nyathina ni mwanangu, kwa lugha ya kwao. Nikaitazama ile poda, nikazitazama zile nguo za kanisa, nikaona aibu kusema ukweli.

Nikasema, "Imetoka safi kabisa, mama!"

Wakapiga makofi. Wakaenda kunywa chai. Jumatatu Mama Atieno akapakia vitu vyake akaondoka.

Jioni ya Jumamosi ile nilifungua kamera, nikaikuta filamu pale pale nilipoiweka, ulimi nje. Unajua nilifanya nini? Nikaifunga upya, vizuri safari hii, nikaenda kupiga ukungu!

Naam, ukungu. Nina picha kumi na moja za ukungu, tano za mkaratusi mmoja, nne za bati la choo chetu nikidhani ni sanaa, na moja ya mbwa akiondoka zake. Ile ya ukungu kwenye njia katikati ya chai, isiyo na mtu, watu mtandaoni waliisifu hadi nikaitwa kupiga harusi mbili. Hata leo wanaisifu. Mimi nikiitazama naona tu mahali ambapo akina mama wangesimama, na roho inaniuma.

Kuhusu picha yao nilikuwa na wimbo mmoja: "Iko Nairobi, inaoshwa." Mwezi ukaisha, ikafika minne. Mama akapigilia msumari ukutani tayari. Kila Jumapili Mama Atieno alipiga simu baada ya kanisa kuuliza kama picha imefika, na mama akamjibu, "Bado, lakini kijana anafuatilia." Kijana alikuwa anafuatilia nini, jamani! Nilimfanya mama yangu aseme uongo bila kujua.

Jumapili moja Mama Atieno akasema miguu imemvimba, daktari amemkataza safari ndefu, hatapanda tena huku kwenye baridi yetu. "Sasa hiyo picha ndiyo itakuwa inanirudisha huko," akasema, akacheka. Simu ilikuwa kwenye spika. Nikashindwa. Alipokata, nikamwambia mama yote, nikiwa nimesimama mlangoni tayari kukimbia.

Nilingoja matusi. Mama akauliza polepole, "Na wakati ulijua, sisi tulikuwa wapi?"

"Mlikuwa bado mmesimama pale."

"Na simu zetu?"

"Kwenye vikapu."

Alimpigia Mama Atieno, akanipa simu. "Mwambie."

Nikamwambia. "Aaa, nyathina," akasema. "Basi nitakuwa nawaona na kichwa tu."

Afadhali angenitukana!

Wewe unayeanza na filamu leo, ringa tu, hiyo si dhambi. Lakini ukijua umeharibu, sema palepale, watu wakiwa bado wamesimama. Wangenicheka dakika mbili, Mama Chepkoech angetoa simu yake, na leo Mama Atieno angekuwa na wenzake wote mkononi.