Kinubi cha Mbinguni

Fundi anayeshona majoho ya kwaya pale Majengo, Pumwani, ni Mwislamu na Mnubi, lakini hakuna wimbo wa kanisa asiojua asili yake. Na usio na asili, atautafutia. Hupima mabega kwa shubiri, tepu ikining'inia bure shingoni, na uongo wake hupita katikati ya pini alizobana mdomoni bila hata pini moja kudondoka. Mama Mutanu, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa ameonywa na wenzake asimuulize kitu. Jumamosi akauliza. Ule ubeti wa watakatifu kupiga kinubi mbele ya kiti cha enzi, ulitoka wapi?

"Si umejijibu, Mama Kwaya?" fundi akasema, akikanyaga cherehani polepole. "Wanapiga Kinubi. Lugha ya nyanya yangu. Mtunzi alipita kwake akanywa chai, akaona duniani hakuna lugha tamu kama hiyo. Nyinyi Wakamba mtafika kule mkae kimya, mkitingisha vichwa tu."

Mama Mutanu alijua vizuri kwamba kinubi ni ala ya nyuzi. Lakini kushindwa maneno na mtu mwenye pini mdomoni? Hapana.

"Wacha!" akamjibu. "Si utakuwepo wewe wa kututafsiria?"

Cherehani ikanyamaza. Fundi akatema pini zake kiganjani, moja moja, tabasamu likimpanda taratibu.

"Kumbe naingia?" akauliza. "Hebu rudia hivyo kesho, mchungaji akisikia."