Ndoo

Kwa miaka miwili nilikuwa mbeba ngao. Asubuhi nashona kofia nyumbani kwetu Siyu, na alasiri, nikishaswali, nakaa kwenye dirisha la nyuma, mahali pekee ambapo mtandao hauniringii, nafungua gemu na kuvaa chuma. Timu yetu ina watu watano ambao hatujawahi kuonana. Kiongozi ni mwanamume wa Nakuru, mpiga upinde. Tabibu ni dada mmoja wa Tanga, mpole wa sauti. Waliobaki ni ndugu wawili wa Nairobi, kazi yao panga. Mbeba ngao hutangulia, hupigwa yeye ili wenzake wapone, na ndiye anayetoa amri. Mimi niliyeachika nikarudi kwa mama, hakuna mahali pengine palipokuwa na mtu anayengoja amri yangu. Niseme wazi kwamba nilikipenda cheo kile kupita kiasi.

Mwezi uliopita tuliingia jumba la joka la moto. Joka likanibana ukutani, uhai umenibakia kidogo, na tabibu yuko mbali. Nikapiga kelele, "Ndoo! Ndoo!" Kwetu, ndivyo mtu anavyoambiwa njoo. Nikiwa nimetulia nasema njoo, kama nilivyofunzwa shuleni, lakini joka likinijia usoni ulimi unarudi Siyu. Dada wa Tanga, kwa kuwa jumba lilikuwa linawaka, aliona nimesema jambo la maana. Akatoka mbio hadi kisimani, akateka maji, akarudi na ndoo yake akatukuta sote wanne tumelala chini.

Aliyenijia kwa wakati ni mama. Sivai spika za masikioni, zinanibana chini ya mtandio, kwa hiyo nyumba nzima husikia vita vyangu. Alisimama mlangoni, mikono imejaa wanga, akasema, "Nimekuya. Wataka nini?"

Kiongozi hakucheka. Alisema hilo ni jaribio la tatu kuharibikia mikononi mwangu, na kwamba yuko mtu anayeomba nafasi ya ngao. Jumamosi tukishindwa tena, atampa huyo, nami nitoke kwenye timu. Nilimjibu kwa ukali kwamba si kosa langu kama wenzangu hawajui Kiswahili, nikazima simu, kisha nikalia. Wale wanne ndio watu wangu wa alasiri, na niliona nawapoteza.

Kesho yake nilikuwa nashona vito, vile vitundu vidogo vya kofia, nikamwangalia mama. Hiyo kazi ilikuwa yake. Kisiwa chetu kizima cha Pate kilimjua kwa vito, na hakukubali kushika hatua nyingine yoyote ya kofia. Mwaka jana macho yakapungua nguvu. Alinipa sindano, yeye akahamia kwenye kufua na kutia wanga, na sasa kofia zake zinasimama wima hadi anajigamba kwa majirani. Nilimuuliza kama haikumuuma kuviacha vito.

"Iliniuma siku moya," alisema. "Kisha kofia ikataka wanga."

Gemu letu linaruhusu mtu kubadili kazi, ila nilikuwa sijawahi hata kugusa kitufe hicho. Siku ile nilimwandikia dada wa Tanga tubadilishane, yeye abebe ngao, mimi niwe tabibu. Aliogopa. Nikamwambia ngao ni nzito kweli, lakini amri zake zitaeleweka, na hilo ndilo lililotushinda. Tulifanya mazoezi siku nne, tukimficha kiongozi.

Jumamosi niliingia jumbani na kanzu nyeupe badala ya chuma. Kiongozi aliguna tu. Kunyamaza kulinitesa, maana nina mdomo, lakini kazi yenyewe ilinifurahisha kuliko nilivyodhani. Mbeba ngao huwaita watu, tabibu huwaendea. Nilikuwa nikikimbia nyuma yao, huyu namfunga jeraha, yule namwinua, bila kusema neno.

Joka lilikuwa limebakiwa na pumzi chache mkia wake ulipombamiza ukutani mbeba ngao wetu mpya. Dada yule, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akapiga kelele.

"Ndoo, dada! Ndoo!"

Nikaenda. Nilimpa uhai wote niliokuwa nao, akasimama, na joka likaanguka. Kiongozi akasema tubaki hivi hivi, kisha akaniuliza kama nimeridhika na kazi yangu mpya. Kabla sijamjibu, niligeuka nikamwona mama mlangoni na beseni lake la wanga.

"Nimekuya," alisema.

"Si wewe, mama. Ni mimi ninayeitwa."

Aliinama akaitazama simu.

"Kumbe ni watu wa kwetu," akasema, akarudi kwenye kofia zake.